Mkato mmoja uliunguza mahindi: herufi, nafasi na macho ya kijana anayesoma mu telefone

Wandugu, hii nitakayoeleza leo hawakunifundisha ku fakulte. Nilijifunza kwa hasara ya mama mmoja, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, mvua inanyesha vizuri, mahindi yamefika kwenye magoti, saa ya kuweka urea. Nilitengeneza karatasi moja ya PDF juu ya mbolea, nikaituma kwa vijana ambao wazazi wao wanalima kando ya njia ya Kipushi. Nilitaka ipendeze. Nilichagua herufi nyembamba za rangi ya kijivu, kwa sababu niliona kurasa za watu wakubwa zinafanyaka vile, na vipimo vyote nikavipanga mu jedwali lenye nguzo tano. Kwenye mstari wa urea niliandika: 2,5 g kwa kila shina.

Mwanafunzi mmoja alimsomea mama yake ile karatasi katikati ya shamba, saa sita ya mchana, mu telefone yenye kioo cha kupasuka. Ule mkato mdogo kati ya 2 na 5, ile virgule ya masomo, hakuuona. Akasoma ishirini na tano. Mama yake anapimaka mbolea na kifuniko cha chupa ya soda. Akahesabu: kifuniko kimoja ni karibu gramu tano, basi vifuniko vitano kwa shina. Mfuko wa kilo 50, ambao ungetosha mashina 20 000, ukaisha kwenye mashina 2 000. Kisha majani yakaanza kukauka kwenye kingo, na mahindi ya mistari ile yakafa moja moja.

Jioni moja telefone ikalia. «Yaya, mama anasema mbolea iliunguza mahindi. Tulifanya njo vile uliandika.» Nikafungua karatasi mu kompyuta, ndani ya nyumba, kioo kikubwa: mkato upo. Nikaifungua mu telefone yangu, nje, ku jua: mkato haupo.

Hesabu yangu ya agronomia ilikuwa sawa. Kilichokosekana ni kazi ambayo wachapaji wa vitabu wanaijua tangu zamani, na ambayo sisi tunaichukua kama pambo tu: kuchagua herufi, ukubwa wake, rangi yake, na nafasi inayoizunguka. Tangu siku ile nimesoma mengi juu ya jambo hili. Nimeona pia kwamba njo hapo tunawapoteza vijana wenzetu, wale wanaosoma mistari mitatu ya kazi yetu kisha wanapita. Tunasema vijana wa leo hawapendi kusoma. Mara nyingi tumewapa maandishi ambayo hata sisi wenyewe hatungeyasoma.

Kioo cha telefone si karatasi

Tuanze na hesabu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Kioo cha telefone ya kawaida kina milimita 65 hivi. Ukituma PDF ya A4, telefone inaibana mara tatu na zaidi ili iingie yote. Herufi zako za pointi 11, ambazo ku karatasi zilikuwa sawa kabisa, zinakuwa kama za pointi 3,4. Hakuna mchapaji angekubali kuchapa hata masharti ya bima kwa herufi ndogo namna ile. Msomaji atafanya nini? Atavuta na vidole viwili ili zikuwe. Sasa herufi zinaonekana, lakini ukurasa umetoka nje ya kioo: anasukuma kushoto, anasukuma kuume, na mu jedwali hajui tena nguzo hii ni ya urea ao ya NPK, kwa sababu kichwa cha nguzo kimebaki juu huko. Mara mbili, mara tatu, anachoka.

Ukurasa wa intaneti hauna shida hiyo ikiwa umetengenezwa vizuri. Mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte alieleza namna ya kutengeneza kurasa zinazojipanga zenyewe kufuatana na upana wa kioo, na leo njo kawaida ya dunia nzima. Programu za kusoma kurasa zinaanza na herufi za pikseli 16, na telefone nyingi zinahesabiwa kuwa na upana wa pikseli 360 hivi, hata kama ku duka wanatangaza 720 ao 1080. Hapo unapata kama herufi 40 kwa mstari. Robert Bringhurst, ambaye kitabu chake cha 1992 juu ya kupanga herufi kinasomwa na karibu wote wa kazi hii, anashauri kati ya herufi 45 na 75 kwa mstari wa kitabu. Sisi mu telefone tuko chini kidogo, si mbaya. Kosa ni kupunguza herufi mpaka 12 ili maneno mengi yaingie. Usifanye vile. Acha msomaji ashuke na kidole. Kushuka hakuna bei, kukaza macho njo kuna bei.

Rangi nayo. Shirika la W3C, linaloweka kanuni za intaneti, linapima tofauti kati ya rangi ya herufi na rangi ya nyuma, na kwa maandishi ya kawaida linaomba angalau 4,5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe inapata 21. Kijivu kinachoandikwa #767676 kinapita kwa shida. Kijivu changu kilikuwa #999999, na chenyewe kinapata 2,8 tu. Tena kanuni hiyo haikufikiria jua la mwezi wa kwanza katikati ya shamba la mahindi. Siku hizi naandika na rangi karibu na nyeusi kabisa, basi.

Kwa nafasi kati ya mistari, wale waliosoma agronomia wataelewa haraka. Mahindi tunapandaka sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashina, ni kusema mimea kama 53 000 kwa hektari. Kwa nini mistari iwe mbali kuliko mashina? Ili ukipita na jembe ujue njia yako ni wapi. Ukigeuza ile hesabu, ama ukisawazisha pande zote mbili, huoni tena mstari, unaona pori. Macho nayo yanapita vilevile: yakifika mwisho wa mstari yanarudi kutafuta mwanzo wa mstari unaofuata, na nafasi ikiwa finyu yanaangukia mstari uleule ao yanaruka mmoja. Kwa herufi za pikseli 16, weka pikseli 24 toka mstari mpaka mstari, ni kusema mara moja na nusu. Kati ya aya na aya, ongeza zaidi. Wengine wanaogopa ile nafasi nyeupe wakifikiri ni hasara. Ni kama mwenye shamba anayepanda kila fasi kwa sababu udongo ni wake.

Maneno yaliyoshikana, mwaka 1965

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa hapa kuliko watu wa Dar es Salaam ao Nairobi. Sisi tulijifunza kusoma sana kwa Kifaransa. Kifaransa tunakisoma na macho. Kiswahili chetu tunakijua na masikio, na tukikikuta kimeandikwa, wengi tunatembeza midomo kidogo kidogo mpaka tusikie neno. Si aibu, ila anayepanga ukurasa lazima alijue.

Mfano mkubwa tuko nao hapahapa mjini. Mwaka 1965, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville (jina la Lubumbashi lilikuja 1966), watu waliofanya kazi ya uboyi mu nyumba za Wazungu walitoa kitabu kidogo kilichopigwa kwa mashine, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kilichotungwa na André Yav. Kichwa ni cha Kifaransa, ndani ni Kiswahili cha hapa: historia ya mji kama walivyoiona wale waliopika na kufua. Mule maneno yanashikana na kuachana bila kanuni moja, na nukta na herufi kubwa zinatokea fasi usiyotazamia. Johannes Fabian, mwanaantropolojia aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970, alikitoa tena mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ili maandishi yaeleweke, ilibidi Kalundi Mango, aliyefanya kazi pamoja naye, ayasome kwa sauti. Kwa macho tu, unagonga kila mstari. Kwa mdomo, unamsikia mzee anaongea.

Si Yav peke yake. Warumi wa zamani waliandika Kilatini bila kuachanisha maneno, na msomaji alikitafuta kwa sauti. Waandikaji wa Ireland, watawa ambao Kilatini haikuwa lugha ya mama zao, njo walianza, tangu karne ya 7, kuweka nafasi kati ya maneno, kwa sababu wao hawakuweza kukisia kwa masikio. Ile nafasi tupu, ambayo leo hakuna anayeiwaza, ilitengenezwa kwa ajili ya mtu asiyezoea.

Sasa fungua maandishi yetu ya leo. Mmoja anaandika «niko nasoma», mwengine «nikonasoma». Huyu «njo vile», yule «njovile», na mara nyingine ni mtu mmoja mu aya moja. Mimi sisemi nani ana haki. Hiyo ni kesi ya wanalugha. Ninasema ukurasa mmoja uchague namna moja na uishike, kwa sababu kila mara msomaji anapokutana na sura mpya ya neno analolijua, anasimama, na akisimama mara tano mu kioo kimoja atakwenda kuangalia video.

Kisha urefu wa maneno. Kiswahili kinashona: «tutakapowaandikisha» ni herufi 19, karibu nusu ya mstari wa telefone. Ukilazimisha mistari yote iishie sawasawa ku kuume, kama mu gazeti, telefone itavuta nafasi kati ya maneno mawili yaliyobaki mpaka upate mashimo kama meno yaliyong'oka. Acha upande wa kuume uwe na mawimbi. Na ukitaka programu ikukatie maneno, iambie kwanza lugha ni gani. Kurasa nyingi za hapa zimeandikwa Kiswahili, lakini ndani ya kodi yake imebaki «fr», kwa sababu mtu alinakili mfano wa Kifaransa. Programu ikitii, itakata maneno kwa kanuni ya Kifaransa, na ndugu yetu asiyeona, anayetumia sauti ya telefone, atasomewa Kiswahili na mdomo wa Paris. Weka «sw». Hata kuna kodi ya pekee ya Kiswahili cha Kongo, «swc», katika orodha ya lugha za dunia. Kukata lenyewe si kazi ngumu, kwa kuwa silabi zetu karibu zote zinaisha na vokali: tu-ta-ka-po-wa-a-ndi-ki-sha.

Polisi isiyoomba makaratasi

Kwa Kifaransa aina ya herufi inaitwa «police», lakini hii polisi haisimamishi motokari njiani. Inasimamisha mega zako. Kila aina ya herufi ambayo ukurasa unaileta kutoka intaneti ni faili, na faili moja inaweza kufika kilobaiti 20 ao 100. Ukiweka nyembamba, nene na ya kulala, ni faili tatu. Wakati faili haijafika, programu nyingi zinaficha maandishi mpaka sekunde tatu: msomaji anaangalia ukurasa mtupu. Na ndugu wanaotumia Opera Mini ili mega zisiishe haraka, wao hawataiona kabisa, kwa sababu ikibana ukurasa haileti herufi za nje. Unalipa, wanalipa, na hakuna anayefaidika.

Telefone za Android ziko na herufi yao tayari, Roboto, tangu 2011. Inasomeka vizuri na haina bei. Mimi naitumia bila haya. Kuna jambo moja tu: Kiswahili kina bahati ya kuandikwa na herufi za kawaida, lakini Lingala ya vitabu ina ɛ na ɔ, tena na alama za sauti juu. Ukichagua herufi ya urembo uliyoiokota fasi fulani, pale utaona visanduku vitupu. Herufi za Noto za Google zimepata jina lao kwa vita dhidi ya vile visanduku, ambavyo watengenezaji wanaviita tofu. Kama ukurasa wako unachanganya lugha, jaribu kwanza na yale maneno magumu.

Sitasema mengi juu ya matangazo yetu ya picha. Mnayajua: nafasi ya stage, bourse, konkur, yote imeandikwa juu ya picha yenye jua linalozama, herufi kubwa tupu, rangi ya njano juu ya nyeupe. Picha haijipangi kufuatana na kioo. Hauwezi kunakili anwani kwa urahisi. Sauti ya telefone mara nyingi haiwezi kuisomea vizuri asiyeona. Inakula mega kuliko maneno yake ishirini. Na ikipita mu mikono ya watu kumi, kila mmoja akiituma, inafifia. Tarehe ya mwisho, kitu cha maana kuliko vyote, iko pale chini, ndogo. Weka picha ukitaka, lakini andika maneno chini yake.

Tena kuhusu namna ya kuanza mstari. Mwaka 2006 Jakob Nielsen alifuata macho ya watu 232 waliokuwa wanasoma kurasa, akaona wengi wanapita kwa umbo la herufi F: mistari ya juu wanaisoma, kisha wanateremka ku upande wa kushoto tu. Kwa Kifaransa, neno la kwanza mara nyingi linakupa kitu: bourse, délai, stage. Kwa Kiswahili, tukianza na kitendo, ku kushoto msomaji anakuta tu-, wa-, ni-, hatu-, na mzizi wa neno umejificha katikati. Linganisha «Mnaombwa kuleta karatasi zenu mbele ya tarehe 15» na «Tarehe ya mwisho: 15». Macho yanayoteremka haraka yatashika ya pili. Njo maana vichwa vidogo vya maandishi haya vinaanza na jina la kitu, si na kitendo.

Namba na vipimo

Hapa njo niliunguzia, basi nieleze vizuri. Mkato wa desimali ni alama ndogo kuliko zote ku ukurasa, na inabeba mara kumi. Kama kosa la kusoma linaweza kuumiza mtu, usiuachie mkato kazi hiyo peke yake. Andika namba kwa maneno pembeni yake. Ama tafuta kipimo ambacho mtu anacho mkononi.

Namba na kipimo chake visiachane. Ukiandika «20 ml» na nafasi ya kawaida, telefone inaweza kuacha 20 mwisho wa mstari na kuangusha «ml» chini. Kuna nafasi ya pekee isiyokatika; mu kodi ya ukurasa inaandikwa  . Kwa maelfu vilevile: 20 000 iliyokatika inasomwa ishirini.

Angalia pia herufi zinazofanana. Mu Arial, l ndogo na I kubwa ni kijiti kilekile; O na 0 zinakaribiana. Kwa sentensi hakuna shida, lakini kwa kodi ya kulipia ao neno la siri la kujiandikisha, mtu atajaribu mara tatu kisha ataacha.

Na jedwali la nguzo tano, mu telefone, livunje. Kila zao na kichwa chake, kila kipimo na mstari wake.

Msimu uliofuata nilitengeneza karatasi ile upya. Si PDF tena, ni maandishi matupu, herufi nyeusi za 16, mistari ya 24. Nilitoka nayo nje saa sita, nikainyoosha mbali na mkono, nikapunguza mwangaza wa kioo mpaka nusu kama mtu anayechunga betri. Kwa urea niliandika: «Urea: nusu ya kifuniko cha chupa kwa kila shina (gramu mbili na nusu). Usipitishe.»

Niliituma kwa yule mwanafunzi wa kwanza, na nikamwomba amsomee mama yake nami nikisikiliza. Alisoma bila kusimama. Kukawa kimya kidogo, kisha nikasikia sauti ya mama: «Kifuniko cha Simba ao cha Fanta?»

Nikajibu ni sawasawa, mama.

«Sawa, mwanangu. Nitaanza na mistari mitatu. Ingine utakuja kuiweka wewe.»